Ghala Limebaki, Kambi Imekwenda

Kwa miaka minne sasa, Jumamosi zangu nyingi huishia kwenye magofu ya mkonge. Hupanda basi Tanga mjini, nikashuka popote kati ya Muheza na Korogwe, kisha bodaboda hunifikisha mwisho wa barabara ya vumbi. Huko hupiga picha maghala yaliyoezuliwa mabati, mashine za korona zilizonyamaza, na reli nyembamba za kubebea majani zilizomezwa na nyasi. Marafiki zangu husema picha hizo zina huzuni nzuri. Nami nilizipenda kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka jana nilikuwa nimelala kifudifudi, natafuta pembe nzuri ya ghala moja la mawe, nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Nikainuka, nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unampiga picha nani hapo?"

"Simpigi mtu, babu. Napiga ghala."

Akalitazama kidogo. "Ghala halikulala na njaa. Kambi hukuiona?"

Nikageuka. Niliona nyasi na miembe miwili. "Kambi iko wapi?"

"Umeikanyaga."

Historia ya mkonge niliijua, au nilidhani naijua. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ikafika hai. Kutokana na hiyo, Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge, na mwaka 1964 ilizalisha karibu tani 230,000. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilitaifisha mashamba mengi. Lakini kamba za nailoni na plastiki zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni, bei ikaporomoka, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Ndiyo maana korona nyingi zilinyamaza.

Hiyo ni hesabu ya tani. Hesabu ya watu ni nyingine. Enzi za neema, mashamba haya yaliajiri zaidi ya watu 100,000. Wengi waliletwa kwa mkataba kutoka mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwasaka, SILABU. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Siku zao za kazi ziliandikwa kwenye kipande, kadi ya siku 30. Asiyemaliza kazi aliyopangiwa hakuandikiwa siku.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alitoka Kigoma, akafia Tanga, na hakuna nyumbani anayejua alilala kambi gani. Miaka minne nimezunguka mashamba haya na kamera, na sikuwahi kujiuliza.

Mzee yule alinitembeza. Hapa palikuwa na mstari wa vibanda vya udongo na makuti. Hapa bomba la maji, na foleni yake alfajiri. Pale, chini ya mwembe, ngoma za Jumamosi. Udongo ukikosa mtu wa kuukandika hurudi ardhini kwa masika machache tu. Tajiri alijengea robota zake mawe na saruji, kwa sababu mvua ingeharibu singa. Manamba akiharibika aliletwa mwingine.

Basi hapo nikaelewa picha zangu. Nilifikiri napiga picha mambo yaliyosahaulika, kumbe napiga kile tu ambacho mwenye mali alitaka kidumu. Gofu nalo huchagua la kukumbuka, na lilikwisha kuchagua kabla sijanunua kamera.

Siku hizi bado naenda. Maghala nayapiga, ila kwanza natafuta mtu mzima wa kuniuliza ninachofanya. Nikionyeshwa mahali pasipo na kitu, napapiga picha, kisha naandika nyuma yake palikuwa na nini na nani kanieleza.

Siku ile nilimwomba mzee asimame katikati ya nyasi. Akauliza asimame wapi hasa.

"Mlangoni kwako," nikamwambia.

Akapiga hatua sita kushoto, akageuka, akasimama.