Fahamu homoni na tezi zinazoendesha mwili wako

Nimeona tuongelee homoni, maana mtaani neno hili linatumika ovyo. Dogo akibadilika sauti ni homoni, demu akinuna ni homoni, mtu akinenepa eti homoni zimevurugika. Ni nini hasa? Twende taratibu.

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, inamwagwa moja kwa moja kwenye damu, halafu inasafiri hadi kiungo cha mbali na kukiamrisha kufanya kazi fulani. Damu inaipeleka kila mahali, lakini wanaoitikia ni wale tu wenye kipokezi chake, kama vile simu inavyoita kwa mwenye namba iliyopigwa. Jina lenyewe lilianza kutumiwa mwaka 1905 na Mwingereza Ernest Starling, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Miaka mitatu kabla, yeye na mwenzake William Bayliss walikuwa wamegundua kule London kwamba utumbo unatoa kemikali inayoiambia kongosho imwage majimaji ya kusaga chakula, hata mishipa ya fahamu ikikatwa. Kabla ya hapo wengi waliamini kila amri ya mwili inapita kwenye mishipa ya fahamu tu.

Kiswahili chetu kinachanganya kidogo hapa. Tezi za jasho na za mate nazo ni tezi, ila zina mirija ya kutolea vitu vyake, hivyo si za homoni. Tezi dume, ile inayowasumbua wazee kukojoa, nayo haipo kwenye kundi hili. Na ile mitoki inayovimba kwenye kinena ukiwa na kidonda mguuni ni vituo vya kinga, haihusiani na homoni kabisa.

Tezi za homoni zenyewe si nyingi. Chini ya ubongo kuna pituitari, ina ukubwa wa punje ya kunde hivi, lakini ndiyo msimamizi wa nyingi kati ya hizo nyingine. Yenyewe inasimamiwa na sehemu ya ubongo inayoitwa hipothalamasi. Shingoni kuna thairoidi, tumboni kuna kongosho, juu ya kila figo kuna adrenali, halafu ovari kwa wanawake na korodani kwa wanaume. Balehe inaanza pale hipothalamasi inapoamka na kuituma pituitari iamshe ovari au korodani. Ndevu, matiti, chunusi na hedhi vinafuata baada ya hapo.

Sasa mwili unajuaje kwamba homoni imetosha? Chukua mfano wa tangi la maji lenye boya. Maji yakipungua boya linashuka, koki inafunguka. Yakijaa boya linapanda, koki inajifunga yenyewe. Pituitari inafanya hivyo hivyo kwa thairoidi. Homoni ya thairoidi ikipungua kwenye damu, pituitari inaongeza amri. Ikitosha, inapunguza.

Ukielewa boya umeelewa goita. Thairoidi inatengeneza thairoksini, homoni inayopanga mwendo ambao seli zinachoma chakula. Malighafi yake ni madini joto. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, yaani kwa mwaka mzima haijai hata ncha ya kijiko. Yakikosekana, thairoksini inapungua na pituitari inapiga kelele: ongeza, ongeza! Tezi inajitanua ili inase kila chembe ya madini joto inayopita. Inatanuka miaka na miaka mpaka shingo inavimba. Hapo wapo watakaosema mama wa watu amerogwa. Kumbe tezi inatii amri, ila stoo ni tupu. (Si kila goita ni ya namna hii, kwa hiyo shingo ikivimba nenda ukapimwe.)

Ndiyo maana kwetu Tanzania tatizo lilikuwa kubwa zaidi nyanda za juu, kama Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa. Mvua za milimani zimeosha madini joto kwenye udongo karne nyingi, kwa hiyo mahindi na mboga zinazolimwa pale nazo hazina. Watu wa pwani wana nafuu ya samaki wa baharini. Mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri inazidisha, kwani ina kemikali inayoizuia thairoidi kunasa madini joto.

Lakini uvimbe wa shingo ndio unaoonekana tu. Hasara kubwa iko kwa mtoto tumboni. Ubongo wake unajengwa kwa msaada wa homoni ya thairoidi, na miezi ya mwanzo anategemea ya mama yake. Mama akipungukiwa sana, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa bubu kiziwi au mwenye mtindio wa ubongo, na hakuna dawa ya kumrudisha. Akipungukiwa kidogo tu, mtoto anaonekana mzima ila darasani anakuwa mzito. Tunamchapa bure.

Katikati ya miaka ya 1990 serikali iliweka kanuni kwamba chumvi ya kula iwekwe madini joto. Shida ni wazalishaji wadogo wadogo, wanaouza chumvi bila kuweka chochote. Na msidanganyike kwamba chumvi ikitoka baharini basi tayari inayo: maji ya bahari yakikaushwa karibu hakuna kinachobaki cha madini hayo. Angalia maandishi kwenye pakiti. Nyumbani iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Kongosho nayo inatoa insulini, inayofungulia sukari mlango wa kuingia kwenye seli. Kuna kisukari cha watoto na vijana ambapo kinga ya mwili inaua seli zinazotengeneza insulini. Zamani hiyo ilikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best kule Toronto walipata insulini kutoka kongosho la mbwa, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kuokolewa na sindano zake. Dalili ni kiu kali, kukojoa kila saa na kukonda ghafla. Baadaye anatapika, anahema kwa nguvu na pumzi inanuka kama matunda. Wengi wanatibiwa malaria mpaka wanazimia, wakati tone moja la damu kidoleni lingetoa jibu. Ukiona dogo yuko hivyo, sema mwenyewe pale hospitali: mpimeni sukari. Usingoje kesho.

Adrenali ndizo zinazokupa mbio ukifukuzwa na mbwa, lakini pia zinatoa kotisoli inayokusaidia kuhimili ugonjwa na mshtuko. Wadada wa mkorogo hii inawahusu. Krimu nyingi za kujichubua zina dawa kali za jamii ya kotisoli. Zinapenya ngozi na kuingia kwenye damu, pituitari inaona tangi limejaa, na adrenali zinalala. Ukizipaka miezi mingi halafu ukaziacha siku moja, boya linashuka lakini koki imeshika kutu: kizunguzungu, kutapika, presha kushuka. Aliyezitumia muda mrefu amuone daktari ampangie namna ya kupunguza kidogo kidogo.