Kabla Filimbi Haijalia

Simama stejini Uriri utaje neno Sony. Wachache watafikiria kamera. Wengi watafikiria sukari. SoNy ni kifupi cha South Nyanza, ile wilaya kubwa ya zamani yenye makao Homa Bay kabla haijakatwakatwa, na ndilo jina la kiwanda cha sukari kilichoanzishwa Awendo mwaka 1976 na kuanza kusaga miwa 1979. Kiwanda kilikuwa na timu ya mpira. Mwaka 2006 timu hiyo, ya mji mdogo ulio safari fupi ya matatu kutoka Uriri, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Si Gor, si Leopards, si Tusker. SoNy Sugar.

Sasa toa simu yako utafute picha za msimu huo. Jipe dakika kumi. Halafu tafuta picha za ligi ya Uingereza za mwaka huohuo. Tofauti utaiona bila mtu kukueleza. Na mwaka 2019, mwaka uleule ambao kampuni ya kamari iliyokuwa mdhamini mkuu wa ligi ilijiondoa, SoNy ilitolewa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani mara tatu. Kumbe hata bingwa anaweza kupotea hivyo, kimyakimya. Kinachobaki ni picha, kama kuna mtu aliyezipiga, na kama kuna mtu aliyeandika chini yake nani ni nani.

Kwa hiyo haya ni ya kijana wa Uriri, au wa popote, aliyepigiwa simu juzi akaambiwa: Jumamosi kuna mechi, njoo upige picha, utalipwa. Kazi ya kwanza. Marafiki watakuambia habari za lenzi, na lenzi ni muhimu, tutafika huko. Lakini kujiandaa kupiga picha za michezo ni jambo lenye historia yake, na historia hiyo inafundisha kuliko duka lolote la kamera mjini.

Tuanze na farasi. Mwaka 1878, Palo Alto, California, tajiri mmoja aitwaye Leland Stanford alitaka kujua farasi anapokimbia kama kuna wakati miguu yote minne inaacha ardhi. Jicho la mtu halingeweza kujibu. Mambo yanakwenda kasi mno. Mpiga picha Eadweard Muybridge akapanga kamera 12 kando ya njia, kila moja ikiwa na uzi uliotandazwa mbele ya farasi. Farasi alipopita alikata nyuzi, na kila uzi ukafyatua kamera yake. Jibu likapatikana: ndiyo, miguu yote huwa hewani, tena inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo, si inaponyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyokuwa wakichora kwa karne nyingi.

Angalia alichokifanya huyo mzee. Hakumkimbiza farasi. Alijua farasi atapita wapi, akatangulia kufika. Picha za michezo zilizaliwa hapo, na kanuni haijabadilika. Winga wa kushoto ambaye kila akipata mpira anaingia ndani kwa mguu wa kulia atafanya hivyo tena kipindi cha pili. Ukienda kutazama timu ikifanya mazoezi Alhamisi, Jumamosi utakuwa umeshakaa mahali anapokuja.

Baada ya farasi likaja suala la hesabu. Filamu ya milimita 35, iliyotawala karibu karne nzima, ilikuwa na fremu 36. Ziishe, unafungua mgongo wa kamera, unatoa rola, unaweka nyingine, na goli likifungwa wakati huo, pole. Kamera za leo zinapiga hata fremu 20 kwa sekunde. Maana yake, rola nzima ya babu yako wa kazi ingeisha kabla ya sekunde mbili. Sisi tunaona ni raha, na ni raha kweli, lakini wale waliolazimika kuhesabu walijifunza kitu ambacho kidole chetu hakijui: kungoja. Kwa mazoezi, jaribu mechi moja ya mtaani ukiwa na fremu 36 tu. Usidanganye. Utaanza kuutazama mchezo badala ya kuutazama mtambo.

Ngumi ndizo zinaonyesha jambo hili wazi zaidi. Tarehe 25 Mei 1965, Lewiston, jimbo la Maine, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston raundi ya kwanza tu. Neil Leifer, kijana wa miaka 22, alikuwa kando ya ulingo na kamera ya Rolleiflex, ambayo rola yake ilikuwa na fremu 12. Akaipata ile picha ambayo hata asiyejua ngumi anaijua: Ali amesimama juu ya Liston, mkono umekunjwa kifuani, mdomo wazi. Ukiitazama vizuri utaona, katikati ya miguu ya Ali, mpiga picha mwingine upande wa pili wa ulingo. Ni Herb Scharfman, mkubwa kwa Leifer kwa umri na kwa jina, naye alikuwa hapo kwa jarida lilelile la Sports Illustrated. Yeye aliona mgongo.

Watu hupenda kusema ni bahati. Ni bahati, ndiyo. Liston angeanguka upande mwingine, leo tungekuwa tunamtaja Scharfman. Ila Leifer alikuwa tayari: taa zilikuwa zimepangwa, umbali umepimwa, filamu haikuwa mwishoni. Bahati ilipobisha ilimkuta nyumbani. Na kuna faraja hapa kwa anayeanza: huwezi kuwa pande zote za uwanja. Chagua upande mmoja kwa sababu unayoweza kuieleza, ukae, ukubali kwamba mengine utayakosa.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na kwetu. Oktoba 1968, Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Naftali Temu wa Gusii, majirani zetu hapo juu mlimani, alishinda mita 10,000. Ilikuwa tarehe 13 Oktoba, na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Wiki moja baadaye Kipchoge Keino akachukua mita 1,500. Lakini picha ya michezo ile ambayo dunia nzima inaikumbuka ilipigwa tarehe 16, wakati hakuna aliyekuwa akikimbia. Tommie Smith na John Carlos wako jukwaani, ngumi zimevaa glavu nyeusi, vichwa vimeinama, na Mwaustralia Peter Norman amesimama mbele yao. John Dominis wa jarida la Life ni mmoja wa waliokuwa pale, na kamera yake haikuwa begani.

Mchezo ulikuwa umeisha. Hapo ndipo wengi hufunga mkoba. Wewe usifunge. Kipa aliyefungwa dakika ya mwisho, mama aliyeingia uwanjani na leso kumfuta mwanawe jasho, kocha aliyebaki peke yake kwenye benchi: haya yote huja baada ya filimbi.

Sasa kuna sura moja ya historia ambayo inamhusu mpiga picha wa Migori kuliko ya New York, na haisemwi sana. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha picha za rangi zilipima rangi zao kwa kadi maalumu ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Waliiita kadi ya Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kwanza aliyepigwa picha hiyo. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu. Ndiyo maana katika picha nyingi za zamani, watu weusi wakisimama kando ya wazungu hubaki meno na macho tu. Malalamiko yaliyosaidia kuibadilisha Kodak hayakutoka kwetu peke yetu. Watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao nao walilalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Mbao na chokoleti zilisikilizwa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990.

Usifikiri hayo yameisha kwa kuwa sasa tuna kamera za kidijitali. Kamera yako inapima mwanga kwa wastani. Mweke mchezaji mweusi mwenye jezi nyeupe kwenye jua la saa tisa, na mashine itaiangalia jezi, ishtuke, ipunguze mwanga. Jezi itatoka safi kama ya tangazo la sabuni, na uso utapotea. Mtu amecheza maisha yake yote na uso wake haupo! Kwa hiyo fika mapema, wakati timu zinapasha misuli, upime mwanga kwenye uso, si kwenye jezi wala mbingu. Jezi ikiungua kidogo, iungue. Hakuna atakayeuliza rangi ya jezi miaka 20 ijayo. Watauliza huyu ni nani.

Na mwanga wa Uriri una tabia zake. Tuko kama nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hapa halibembelezi: linatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na likianza kushuka linashuka. Mechi ikianza saa kumi, dakika 90 na mapumziko ya robo saa zinakufikisha karibu saa kumi na mbili kasoro. Kipindi cha pili chote unapoteza mwanga dakika kwa dakika, na viwanja vingi vya huku havina taa. Anza na kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde atasogea milimita 8 tu katika muda huo. Kwa 1/60 angesogea zaidi ya sentimita 13, na hapo una ukungu wenye miguu. Mwanga ukipungua, panua tundu la lenzi na ongeza ISO kabla hujaigusa kasi. Picha yenye chengachenga inasameheka, picha iliyotikisika haisameheki. Na mawingu ya kutoka ziwani hayaombi ruhusa. Mfuko imara usiopitisha maji na kitambaa kikavu ni vifaa vya kazi kama betri ya pili na kadi ya pili ya memori.

Zamani, ukishapiga, filamu ilibidi isafiri. Vyumba vya giza vya magazeti makubwa vilikuwa Nairobi, na rola kutoka Nyanza Kusini ilipanda gari kama abiria. Tangu kamera kama Nikon D1 ya 1999 ziwafikie wanahabari, umbali huo ulianza kufa. Leo unaweza kutuma picha kutoka pembeni mwa uwanja kabla ya mapumziko, mradi una bando na mtandao haujaamua vingine. Faida ni kubwa. Hasara ni kwamba picha hukimbia kabla jina halijaifikia.

Hapa ndipo kazi ya kweli ilipo. Kabla ya mechi, nenda kwa makocha wote wawili uombe orodha ya wachezaji. Ipige picha kwa simu, kisha uiandike kwa mkono, namba na jina, uulize jina linavyoandikwa. Otieno wako wangapi kwenye kikosi kimoja? Usikisie. Kama ni mashindano ya shule, zungumza kwanza na mwalimu wa michezo. Hao ni watoto wa watu. Halafu kila picha unayoituma iwe na maelezo: nani, anafanya nini, wapi, lini.

Na kabla ya hayo yote, malizana na aliyekuita. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Soma sentensi hiyo tena. Usiponena kitu, picha ulizopigia magoti kwenye tope si zako. Andikeni kabla ya siku ya mechi: malipo ni kiasi gani, lini, picha zitatumika wapi, na nani atabaki nazo. Ukiona haya kuuliza, kumbuka kwamba Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha kampuni yake ya Camerapix kule Dar es Salaam mwaka 1963, hata miaka 21 hajatimiza. Alikuwa mdogo, lakini alielewa mapema kwamba picha ni mali.

Nakala moja mpe aliyekulipa. Nyingine, kama mkataba unaruhusu, ihifadhi kwenye diski mahali pawili tofauti, kwenye folda yenye tarehe na majina ya timu. Siku moja kijana atatafuta picha za timu ya baba yake kama ulivyotafuta zile za 2006. Asikute ukurasa mtupu.