Sarufi ya Alama na Karatasi Zilizofika Ujiji

Mtu akiutaja Ujiji mbele ya wanafunzi wa historia, aghalabu hujibiwa kwa habari za mwembe na za kukutana kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871. Sina haja ya kuirudia hadithi hiyo. Nataka kuzungumza juu ya karatasi alizozibeba Livingstone alipoufikia mji ule tarehe 23 Oktoba, hali amedhoofu sana.

Huko Manyema karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Akatwaa kurasa za gazeti la The Standard la London, akaandika juu ya chapa yake, maneno yake yakiikata mistari ya gazeti, kwa wino wa rangi ya mimea ya nchi ile. Wino ukafifia, chapa ikabaki. Mwaka 2010 ndipo wataalamu walipozipiga picha kwa mianga mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa jicho, na mwaka 2011 maandishi yakatolewa kwa njia ya kompyuta.

Yalinakiliwa kwa lugha ya alama iitwayo XML, kwa miongozo ya TEI, kazi ya wanazuoni iliyoanza mwaka 1987. Aya, au neno lililofutwa, hupewa alama ya kufungua na ya kufunga, kama kasha lenye kifuniko. Kompyuta hukagua mambo mawili. Je, kasha la ndani limefungwa kabla ya la nje? Tena, je, kila kasha limewekwa mahali ambapo sheria za waraka huruhusu? Kosa moja la jambo la kwanza latosha waraka mzima kukataliwa.

Ukurasa ndio uliowasumbua wanazuoni. Aya huanza chini ya ukurasa mmoja ikaishia juu ya wa pili; makasha mawili yangekatana, na sarufi haikubali. Basi ukurasa haufanywi kasha. Mwanzo wake hutiwa alama moja tupu, mithili ya jiwe la maili barabarani. Ni hila njema, siwalaumu. Lakini karatasi, kitu chenyewe kilichobebwa mpaka Ujiji, imeshushwa cheo ili aya ipate kukaa.

Liko jambo zito zaidi. Tarehe 15 Julai 1871 watu walipigwa risasi sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, wakafa mamia, wengi wao wanawake. Livingstone aliyaandika aliyoyaona juu ya gazeti. Baadaye akayanakili katika daftari kubwa, ambalo Stanley alilichukua kwenda Uingereza mwaka 1872. Watafiti waliolinganisha maandishi hayo mawili walionesha kwamba maneno makali juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe yalipunguzwa katika daftari.

Tia alama maandishi yote mawili, kisha uyakague: yote yatapita. Shairi laweza kutimiza vina, na mizani 16 katika kila mstari, na bado likaficha habari. Mkaguzi wa mizani hakuulizwa habari hiyo. Kadhalika alama ya jina la mtu hungoja jina liandikwe. Dugumbe, ambaye watu wake walifyatua bunduki, anayo. Wanawake waliouawa sokoni hawakuandikiwa majina, na kompyuta, ikifika kwenye aya yao, haioni upungufu wo wote.