Kutoka Monasteri hadi Jumuiya: Historia ya Kutafakari Maandiko

Kutafakari Maandiko Matakatifu, yaani kusoma sehemu fupi ya Biblia polepole, kuirudia moyoni na kuigeuza kuwa sala na tendo, ni desturi ambayo Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kupitia mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo, vikundi vya uamsho na vijitabu vya masomo ya kila siku. Desturi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,700, na historia yake inaonyesha kwamba tangu mwanzo ilifungamana na kazi za mikono na ratiba ya siku, tofauti na dhana iliyoenea kwamba tafakari ni shughuli ya makasisi na watu wenye nafasi.

Mizizi yake imo katika dini ya Kiyahudi, ambamo Zaburi ya kwanza inamtaja kuwa mwenye heri mtu anayeitafakari sheria ya Mungu mchana na usiku. Miongoni mwa Wakristo wa mwanzo, Origene, mwalimu wa Aleksandria aliyeishi takriban mwaka 185 hadi 254, alimwandikia mwanafunzi wake Gregori akimhimiza adumu katika usomaji wa Maandiko na auambatanishe na sala, kwa kuwa aliamini kwamba bidii ya akili peke yake haitoshi kuufungua mlango wa maana. Karne moja baadaye, katika Misri ya Juu, Pakomi alianzisha monasteri, yaani makazi ya watawa wanaoishi pamoja chini ya kanuni moja, na kanuni yake ilimtaka kila aliyejiunga ajifunze kusoma, hata kama hakupenda, kisha ahifadhi kwa moyo angalau Zaburi na Agano Jipya. Sharti hilo lilikuwa na sababu ya wazi, kwani vitabu vilinakiliwa kwa mkono na vilikuwa adimu, hivyo mtawa aliyesuka mikeka na vikapu kutwa nzima aliweza kuendelea kutafakari bila kitabu, akiyatamka kwa sauti ya chini maneno aliyokwisha kuyahifadhi.

Aliyeipa desturi hiyo saa maalumu katika Ukristo wa Magharibi ni Benedikto wa Nursia, mwanzilishi wa monasteri ya Monte Cassino nchini Italia, ambaye aliandika Kanuni yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 6. Sura ya 48 ya Kanuni hiyo inahusu kazi za mikono za kila siku, na ni katika sura hiyohiyo ya kazi ndipo usomaji ulipopangiwa muda wake. Kuanzia Pasaka hadi mwanzoni mwa Oktoba watawa walifanya kazi tangu asubuhi hadi saa nne, kisha wakasoma kuanzia saa nne hadi saa sita, saa zikihesabiwa tangu kuchomoza kwa jua kama zinavyohesabiwa katika Kiswahili. Wakati wa Kwaresima kila mmoja alipewa kitabu kimoja kutoka maktaba akisome chote kwa mpangilio, na wazee mmoja au wawili walizunguka monasterini kuhakikisha kwamba hakuna ndugu anayeutumia muda wa kusoma kwa kupiga soga. Usomaji wa namna hiyo uliitwa kwa Kilatini lectio divina, maana yake usomaji wa kimungu, nao ulitofautiana na usomaji wa kitaaluma kwa sababu lengo lake lilikuwa kubadilisha mwenendo wa msomaji.

Kwa karne kadhaa utaratibu huo uliishi kama mazoea yasiyokuwa na maelezo rasmi ya hatua zake, hadi Guigo II, priori, yaani mkuu, wa tisa wa monasteri ya Grande Chartreuse katika milima ya Alps nchini Ufaransa, alipoandika katika karne ya 12 barua kwa mtawa mwenzake Gervase kuhusu ngazi ya watawa. Guigo alitaja vidato vinne: kusoma, ambako ni kulichunguza andiko kwa makini, kutafakari, ambako ni kuitafuta kwa akili maana iliyofichika ndani yake, kusali, ambako ni kuuelekeza moyo kwa Mungu ili kumwomba kile kilichogunduliwa, na kutazama, ambako ni kutulia mbele ya Mungu bila maneno mengi. Alivifafanua kwa mfano wa chakula, akieleza kwamba kusoma hukitia chakula kinywani, kutafakari hukitafuna, kusali huipata ladha yake, na kutazama ndio utamu wenyewe. Ili kuonyesha jinsi ngazi inavyopandwa alichagua heri moja tu katika Injili ya Mathayo, ile ya wenye moyo safi, akabaki nayo kidato baada ya kidato. Uchaguzi huo una funzo muhimu la mbinu yenyewe, kwamba faida ya tafakari hutokana na kukaa na sehemu ndogo kwa muda mrefu kuliko kupita sura nyingi kwa haraka.

Nje ya monasteri, hata hivyo, njia hiyo ilikabiliwa na vizuizi viwili, yaani gharama ya vitabu na lugha ya Kilatini ambayo watu wa kawaida hawakuielewa. Uchapaji uliobuniwa na Johannes Gutenberg katikati ya karne ya 15 uliondoa kizuizi cha kwanza hatua kwa hatua, na tafsiri za lugha za wananchi, mojawapo ikiwa Agano Jipya la Kijerumani alilolitoa Martin Luther mwaka 1522, zikakishambulia cha pili. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake wa Wittenberg, Peter Beskendorf, kijitabu cha kumfundisha kusali, akimwelekeza aichukue kila amri ya Mungu na kuipitisha katika nyuzi nne: fundisho, shukrani, maungamo na ombi. Hatua nne za mtawa wa Alps zilikuwa zimepata ndugu zake katika kibanda cha kinyozi, na tofauti kubwa ilikuwa kwamba mlengwa sasa alikuwa mtu mwenye wateja wa kuwahudumia.

Upande wa Kanisa Katoliki, hofu ya tafsiri zisizoidhinishwa ilileta kanuni za mwaka 1564 zilizomtaka mlei, yaani muumini asiye kasisi wala mtawa, apate kibali kabla ya kusoma Biblia katika lugha yake, jambo lililopunguza kwa muda mrefu nafasi ya Maandiko katika ibada za nyumbani. Upande wa Waprotestanti, jumuiya ya Wamoraviani huko Herrnhut nchini Ujerumani, chini ya Nikolaus von Zinzendorf, ilianza mwaka 1728 kupeleka neno moja la Maandiko nyumba kwa nyumba kila asubuhi ili liwaongoze watu katika shughuli za siku hiyo. Kuanzia mwaka 1731 maneno hayo yalichapishwa kama kitabu cha mwaka mzima, ambacho hutolewa hadi leo katika lugha nyingi duniani, na Wamoraviani waliofika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya sasa, mwaka 1891 walitoka katika desturi hiyohiyo.

Katika Afrika Mashariki kazi ya kuyaweka Maandiko mikononi mwa wasomaji wa Kiswahili ilianza mwaka 1844, pale Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji huo. Iliendelezwa Unguja na Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, na Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikamilika mwaka 1891, ikafuatwa na ile ya Mombasa mwaka 1914 na hatimaye tafsiri ya pamoja ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuwafaa wasomaji wa pande zote. Huko Buganda, ambako wamisionari Waanglikana walifika mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, waliojiunga na mafundisho waliitwa wasomaji, kwa kuwa kujifunza dini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja, na baadhi ya maandishi ya kwanza waliyoyasoma yalikuwa ya Kiswahili kabla tafsiri ya Kiganda haijapatikana.

Nusu karne baadaye Joe Church, daktari wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, na Simeoni Nsibambi wa Buganda walikutana Kampala mwaka 1929, wakasoma Maandiko pamoja kuhusu kazi ya Roho Mtakatifu, na urafiki wao ukawa chimbuko mojawapo la Uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho huo ulienea katika miaka ya 1930 na 1940 hadi Burundi, Kenya na Tanganyika, na vikundi vyake viliunganisha usomaji wa Neno, nyimbo na maungamo ya wazi, kiasi kwamba aliyeguswa na andiko alitarajiwa kurudisha alichoiba au kupatana na aliyemkosea.

Mageuzi makubwa kwa Wakatoliki yalikuja na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ambao tarehe 18 Novemba 1965 ulitoa hati iitwayo Dei Verbum, ikielekeza kwamba njia ya Maandiko iwe wazi kwa waamini wote na kwamba usomaji uambatane na sala. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, waliamua katika mikutano ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976 kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo ni vikundi vya familia jirani zinazokutana majumbani kwa zamu. Nchini Tanzania uamuzi huo ulikuta mazingira ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, na Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, aliyeishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, alikuwa miongoni mwa waliouona ujirani kuwa mahali pa kuiishi imani.

Utaratibu wa kusoma uliozifaa jumuiya hizo ulitoka Afrika Kusini, katika taasisi ya kichungaji ya Lumko, ambako mapadri Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, ambao baadaye walipata uaskofu, walieneza njia ya kushirikishana Injili kwa hatua saba. Washiriki humkaribisha Bwana kwa sala, husoma andiko, huchagua neno au kifungu kifupi na kukirudia kwa sauti, hukaa kimya, hushirikishana kilichowagusa, hujadili kazi ambayo jumuiya inaitwa kuifanya, kisha husali pamoja. Vidato vya Guigo vinaonekana wazi ndani yake, lakini hatua ya tano na ya sita zinaongeza jambo ambalo barua yake haikulihitaji, yaani masikio ya jirani na wajibu wa pamoja, kama vile kumtembelea mgonjwa, kumsaidia mjane kulima au kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Ni mwelekeo huohuo uliothibitishwa na Papa Benedikto XVI katika hati yake Verbum Domini ya mwaka 2010, iliyoeleza kwamba usomaji wa kimungu haujakamilika mpaka umfikishe muumini kwenye tendo.

Historia hii inatoa kipimo cha kuyapima mazoea ya sasa, wakati ambapo Biblia hupatikana dukani kwa bei nafuu na katika simu ya mkononi. Nyenzo zimeongezeka kuliko wakati wowote uliopita, ilhali mambo matatu yaliyoibeba desturi hii katika kila zama, yaani saa iliyotengwa, andiko fupi na tendo linalofuata, hayatolewi na nyenzo yoyote. Jumuiya inayoruka hatua ya kimya ili kuwahi michango na matangazo, au inayomaliza mkutano bila kuitaja kazi hata moja ya wiki inayokuja, imesoma Injili lakini haijaitafakari. Viongozi wa jumuiya na wakuu wa familia wana jukumu la kulinda dakika hizo za ukimya na kuuliza, kila Neno linaposomwa, ni nani atatembelewa na ni kosa gani litarekebishwa.