Upepo wa Kalundu: unazamisha, unalisha

Historia ya Uvira tunaisomaga kupitia vita na wakoloni. Leo tuisome kupitia upepo. Bila upepo huwezi kueleza kwa nini Kalundu inapata samaki, wala kwa nini inapata misiba.

Tuanze na 1858. Mwezi wa nne mwaka huo, Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Wapiga kasia walifuata kando ya ziwa, wakavuka kuelekea Ubwari, na kila mara walisimama. Burton alilalamika sana. Lakini tazama ramani: ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, kutoka kusini mpaka kaskazini, na sisi tuko mwisho kabisa. Upepo wa kusini unasukuma mawimbi safari ndefu kabla hayajatufikia. Kubaki karibu na nchi kavu ndiyo ilikuwa meteo ya wale wazee.

Baadaye wakaja wapimaji. Wabelgiji walifanya uchunguzi mkubwa wa ziwa mwaka 1946 na 1947, na hapa Uvira leo tuna CRH, kituo cha utafiti wa maji na viumbe vyake. Vipimo vya miaka mingi vimeonyesha hivi: kati ya mwezi wa tano na wa tisa, upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu, yenye joto, kuja kwetu. Kule kusini, maji baridi ya chini yanapanda na kuleta chakula. Upepo ukipungua, maji yanarudi na kuyumba kama maji ndani ya beseni, na upande wetu nao unapata chakula kutoka chini. Ndagala na mikeke wanaishi kwa mchanganyo huo.

Mwaka 2003, tafiti mbili zilisema ziwa limepata joto, kwa hiyo maji hayachanganyiki kama zamani; moja ilitaja pia upepo kupungua. Moja ilikadiria kwamba uzalishaji wa chakula ndani ya maji umeshuka kwa karibu 20%. Watafiti wengine walijibu kwamba uvuvi kupita kiasi nao una lawama yake. Mjadala huo unahusu sahani zetu.

Halafu Desemba 2014. Meli Mutambala ilipinduka upande wa Katanga, watu zaidi ya 120 wakafa. Viongozi walitaja upepo mkali na mzigo kupita kiasi. Upepo huwezi kuuzuia, lakini mzigo na saa ya kutoka ni watu wanaamua.

Ndiyo maana kusoma utabiri ni jambo la lazima. Leo telefone inakuambia "SE 12". Uliza kwanza: 12 ya nini? Noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Mita moja kwa sekunde ni kilomita 3.6. SE ni kule upepo unakotoka, siyo unakokwenda. Namba hiyo ni wastani, kwa hiyo angalia pia kipimo cha upepo wa ghafla. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne.

Tena, kompyuta inapiga hesabu kwa miraba, na mraba mmoja unaweza kuchanganya ziwa na milima ya Mitumba inayopita mita 3,000. Upepo unaoshuka mlimani usiku na ule unaotoka ziwani mchana, mara nyingi hauonekani vizuri ndani ya hesabu hiyo. Mvuvi wa Kalundu anaujua. Basi telefone ikuambie hali ya ziwa zima, mvuvi akuambie hali ya hapa. Wakipingana, ngoja.

Kazi iliyobaki ni yetu. Mwanafunzi mwenye daftari anaweza kuandika kila siku saa na upande wa upepo, mwaka mzima. Wewe wa Kalundu, Makobola au Baraka: wazee wa kwenu wanauitaje kila upepo, na unavuma saa ngapi?