Amri ya Ngoma: Mwomboko na Hatua Zake Katika Mashamba ya Elburgon

Katika dansi ya safu ya Waingereza, ambayo kumbukumbu yake kongwe imo katika kitabu alichokitoa John Playford mjini London mwaka 1651 na ambayo baadaye ilistawi Marekani, husimama mtu mmoja kando ya wapiga muziki akitaja kila hatua kabla haijafikiwa. Ugumu wa kazi yake hauko katika kukumbuka hatua. Uko katika kujua kwamba jina moja laweza kubeba vitendo viwili. Watu wanne wakiambiwa waunde nyota, wa New England hushika kifundo cha mkono cha aliye mbele. Kwingineko hushikana viganja na aliye mkabala. Ndiyo sababu hatua hutembewa kwanza pasipo muziki.

Ngoma za Afrika Mashariki zilizoiga Wazungu hazikuipokea kazi hiyo kwa namna moja. Beni, iliyochipuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuandikiwa historia na Terence Ranger mwaka 1975, iliteka vyeo pamoja na amri zake. Mwomboko wa Wagikuyu ulifuata njia nyingine. Ulistawi katika miaka ya 1940 baada ya muthunguci, nao waonyesha dalili za dansi za Kizungu: mume na mke hukabiliana, wakaenda hatua mbili, kisha wakainama. Lakini hapana mtaja hatua. Mpiga kodiani ndiye mwimbaji, na karing'aring'a, pete ya chuma igongwayo kwa kijiti cha chuma, hushika mwendo. Mchezaji husikiliza, haamriwi.

Kwa nini iwe hivyo? Elburgon, katika njia ya reli kati ya Njoro na Molo, ni mahali pafaapo kuulizia. Mashamba ya walowezi na viwanda vya mbao viliwakusanya maskwota kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, watu wa lahaja zisizofanana. Sheria ya 1918 ilimdai skwota siku 180 za kazi kwa mwaka, na amri za kazi hiyo zilitolewa mara nyingi kwa Kiswahili, kwa kinywa cha nyapara. Haielekei kwamba watu wa namna hiyo wangetaka nyapara wa pili Jumapili. Tena palipokuwa na majina mengi ya hatua moja, ishara isiyo na jina iliwatosha wote. Hoja hii ni ya kukisia, lakini yafafanua zaidi kuliko ile isemayo kwamba Wagikuyu waliiga nusunusu kwa kutoelewa. (Dai hilo la pili, kwa kweli, ni dharau tu.)

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Makumi ya maelfu ya Wagikuyu walifukuzwa kutoka Bonde la Ufa, wengi wakapelekwa katika wilaya ambazo wazazi wao walizihama zamani na ambako wao wenyewe hawakuzaliwa. Mwomboko ulichezwa tena hadharani baada ya uhuru wa 1963, hasa na wazee. Mtafiti anayekusanya msamiati wa hatua zake asimwulize mzee wa Elburgon alikozaliwa tu. Amwulize pia babake alitoka wilaya gani, na shamba walilokaa lilikuwa la nani.