Mgomo wa marubani wa Kenya Airways 2022: walidai nini?

Si nyongeza ya mshahara, kama wengi walivyodhani. Chama chao, KALPA, kiligoma Jumamosi, Novemba 5, 2022 kikitaka shirika lirudishe michango ya akiba ya uzeeni iliyosimamishwa wakati wa korona, pamoja na mishahara iliyozuiwa kipindi hicho. Yaani walidai chao.

Shirika, lenye madeni kibao, lilisema mgomo ungelitia hasara ya takriban shilingi milioni 300 za Kenya kwa siku. Maelfu ya abiria walikwama.

Mahakama ya kazi, ambayo awali ilishazuia mgomo huo, Novemba 8 iliwaamuru marubani warudi kesho yake saa 12 asubuhi. Shirika nalo likaambiwa lisiwaadhibu. Wakarudi, michango ya akiba yao ikiwa bado haijarudishwa wakati huo.